Paka kwenye feri ya Kalangala

Mwezi uliopita nilipanda feri pale Nakiwogo, Entebbe, naenda kisiwa cha Bugala, Ziwa Victoria, kumuona shangazi, safari ni kama masaa matatu na nusu hivi na mimi ziwa hunipa usingizi, lakini siku hiyo sikulala maana gunia la mama mmoja pembeni yangu lilikuwa linalia. Nikamuuliza, mama, umebeba nini humo? Akacheka. Paka, mwanangu, panya wamenimalizia unga dukani. Na hao panya walitoka wapi? Si walikuja na magunia ya unga, akasema, kwa feri hii hii.

Yaani mama kamaliza kila kitu hapo. Sisi tukisema kulinda wanyama wa visiwa tunawaza jangili na bunduki, kumbe kisiwa kinauliwa zaidi na abiria. Ndege au mnyama ambaye kizazi hadi kizazi hajawahi kuona panya wala paka hajui kukimbia, anakaa tu kwenye kiota chake analiwa.

Kuna kisiwa kinaitwa Gough, kule mbali kabisa Atlantiki ya kusini, panya wadogo hawa wa nyumbani walishuka na mabaharia zamani, leo wanatafuna vifaranga vya albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, wakiwa hai, na kifaranga mwenyewe ni mkubwa kuliko panya mara mia na zaidi! 2021 wakamwaga sumu kisiwa kizima kwa helikopta, mwaka haujaisha kamera ikanasa panya. Kisiwa cha South Georgia, huko huko kusini, wao walifaulu, 2018 wakatangaza panya kwisha, ila ni miaka na mamilioni ya pauni. Sisi helikopta hizo tutatoa wapi?

Na mtu asiniambie hayo ni ya wazungu. Sangara aliingizwa kwenye ziwa letu miaka ya 50, alikuwa mgeni kama yule paka, akala furu, samaki wadogo wenyeji (nkejje kwa Kiganda), mpaka aina nyingi mno zikapotea kabisa. Ndiyo, sangara ametujengea nyumba na kutulipia ada, sikatai, hata mimi nimesomeshwa na minofu. Lakini zile nkejje hakuna hela ya kuzirudisha.

Bugala nako msitu umepisha michikichi tangu miaka ya 2000, ukitoka feri unaona mistari tu, mistari, mpaka macho yanachoka. Halafu watalii wanapelekwa kisiwa cha Ngamba kuona sokwe wakirudi wanasema wameona uhifadhi wa kisiwa. Ngamba ni pazuri sana, tangu 1998 wanalea sokwe yatima, ila sokwe si wenyeji wa pale, hata chakula wanaletewa maana msitu wa eka kama mia hauwatoshi. Mwenyeji hasa ni yule nzohe wa kisiwa cha Nkose, kulungu wa majini, na wataalamu wengine wanamhesabu kama aina yake peke yake. Nani anamjua? Hana hata fulana yenye picha yake.

Mimi nawaamini zaidi wavuvi wa Musambwa, humu humu ziwani. Visiwa vya mawe tu, nyoka kibao, na mwiko wao ni kwamba nyoka hauawi, basi, watu na nyoka wanaishi pamoja, na shakwe wanataga hapo kwa maelfu. Mayai yalikuwa yanaokotwa sana, wakazungumzishwa, wakapunguza. 2006 pakaingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa. Sisemi miiko yote ni mizuri, huo wa kukataza wanawake kulala kisiwani mimi sitautetea, lakini hapo sheria iko mdomoni mwa watu wenyewe, si kwenye faili Kampala.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, kabla ya mabango na semina za hotelini: weka mtu mmoja Nakiwogo na mwingine Bukakata, kwenye feri nyingine ya kwenda Bugala, wa kufungua magunia na kuweka mitego ya panya ndani ya feri. Na vile visiwa vidogo ambavyo bado havina panya, boti zikaguliwe kabla hazijatia nanga, si baada.

Tulipofika Lutoboka, bandari ya Bugala, yule mama akaniomba nimsaidie kushusha mzigo. Nikamshushia, na paka wake.