Runinga ya Japani na hide: Heshima kwa Msanii au Biashara ya Msiba?

Hideto Matsumoto, mpiga gitaa wa bendi ya X Japan aliyejulikana kwa jina la hide, tena likiandikwa kwa herufi ndogo tupu, alifariki dunia mjini Tokyo tarehe 2 Mei 1998. Alikuwa na miaka 33. Runinga za Japani zilimlilia kuanzia siku ile ile na hazijaacha kumrudia. Mikanda ya vipindi maalumu vya miaka ya mwanzo, mingi ikiwa ilirekodiwa majumbani kwa kaseti za VHS, bado inatazamwa na vijana ambao alipozikwa hawakuwa wamezaliwa. Ubishi juu ya vipindi hivyo haujaisha: vilimheshimu msanii, au viliuza kifo chake? Kwangu kipimo ni kimoja. Nauliza kipindi kimempa muda gani apige gitaa.

Nianze na hoja za wanaovitetea, maana ni nzito. Hide alizaliwa Yokosuka mwaka 1964, mji wa bandari wenye kambi ya jeshi la majini la Marekani, na huko ndiko alikoupata muziki wa rock. Bendi ya KISS ilimwingia damuni akiwa bado mwanafunzi. Alisomea ususi na urembo wa nywele, akaongoza bendi yake ya Saber Tiger, kisha akajiunga na X, kama X Japan ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1987. Lakini Wajapani wengi hawakumjua kupitia kumbi ndogo za rock. Walimwona sebuleni. X walikubali hata kutokea katika kipindi cha vichekesho cha Nippon TV, jambo lililowafanya wapenzi wa muziki wa metali wawadharau kwamba wamejiuza. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Desemba 1997, walipiga onyesho lao la kuagana Tokyo Dome, na usiku huo huo wakasimama kwenye jukwaa la NHK, shirika la utangazaji la umma, katika Kohaku Uta Gassen, tamasha la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya ambalo babu, mama na mjukuu hulitazama pamoja. Miezi minne baadaye hide hakuwepo tena.

Kwa hiyo runinga ina haki ya kumkumbuka. Tena ina wajibu, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokifanya imo katika maktaba zake. Yokosuka walifungua jumba la makumbusho ya hide mwaka 2000. Likafungwa mwaka 2005. Jumba likishafungwa, aliyezaliwa baadaye atamwona wapi akisimama na gitaa lake la manjano lenye mioyo, nywele zikiwa za waridi, kama si kwenye mikanda hiyo?

Hoja yao ya pili inanigusa zaidi. Mazishi yalifanyika tarehe 7 Mei katika hekalu la Tsukiji Hongan-ji, na watu waliofika walikadiriwa kuwa 50,000. Shabiki wa mbali, Hokkaido au Okinawa, asiye na nauli alifanya matanga mbele ya runinga. Polisi walihitimisha kwamba hide alijiua. Wenzake wa karibu hawakukubali, wakashikilia kwamba ilikuwa ajali. Yoshiki, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, alijitokeza hadharani kuwasihi mashabiki wasijidhuru. Bila kamera, ombi hilo lisingewafikia vijana waliokuwa wamejifungia vyumbani na huzuni yao.

Hapo hapo ndipo wanaopinga wanaposhika. Kwa nini ombi lile lilihitajika? Vifo vya vijana kadhaa vilihusishwa na msiba huo katika siku zile, na vipindi vya habari na udaku vya asubuhi na mchana vilikuwa vikirudia kisa cha kifo bila kupumzika: mlango wa nyumba, gari la wagonjwa, mabinti wakizimia kwenye foleni ya hekalu. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa waandishi wa habari: msieleze namna ya kifo, msikipambe, msikipe sababu moja rahisi. Mengi yaliyorushwa Mei 1998 yasingepita mizani hiyo. Katika hili nasimama na wapinzani bila kusitasita. Uhuru wa habari haukudai kile kisa kirudiwe kutwa nzima mbele ya watoto waliokuwa wakimwabudu.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakisema kila kitu kilichofuata kilikuwa biashara ya maiti. Wanaitaja singo ya Pink Spider, iliyotoka tarehe 13 Mei, siku kumi na moja baada ya kifo, ikafika namba moja na kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kisha Ever Free wiki mbili baadaye. Kisha albamu ya Ja, Zoo mwezi Novemba. Hesabu hiyo inawaonea waliobaki. Safu hiyo ya nyimbo ilikuwa imeanza Januari na Rocket Dive, akiwa hai na mzima, na kazi ya singo zilizofuata ilikuwa imekwisha andaliwa. Kuzizuia kungekuwa kumnyamazisha mara ya pili. Ja, Zoo ni suala gumu kidogo, kwa kuwa wenzake ndio waliokamilisha yale aliyoyaacha nusu, ila walikuwa watu aliokaa nao studio, wakimjua hadi makosa anayoyapenda.

Kosa la vipindi vya kumbukumbu, kwa maoni yangu, halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kosa la uhariri. Yeyote anayeijua runinga ya burudani ya Japani anakijua kile kidirisha kidogo pembeni mwa skrini kinachoonyesha sura ya mgeni aliyeko studio akitazama picha zile zile tunazozitazama sisi. Wimbo unaanza, kidirisha kinafunguka, mgeni anafuta machozi, maandishi makubwa yanapita chini kutueleza tuhuzunike. Gitaa linapofika mahali penyewe, wimbo unakatwa na tunarudi kwa mtangazaji. Tumeambiwa alikuwa hodari, hatukuoneshwa.

Na cha kuonesha kipo tele. Katika X, hide na mpiga gitaa mwenzake Pata walipiga magitaa mawili yakienda sambamba, moja juu na moja chini, kama sauti mbili za kwaya. Hilo haliwezi kueleweka kwa vipande vya sekunde chache. Katika albamu yake ya Psyence ya mwaka 1996 alichanganya gitaa zito, midundo ya kompyuta na melodi nyepesi za pop, wakati wengi bado wakiona hivyo ni vyumba vitatu visivyoingiliana. Mwaka 1999, bendi za Luna Sea, Buck-Tick, Glay na wengine walipomwenzi kwa albamu ya pamoja, walifanya kile ambacho runinga ilikwepa: walizishika nyimbo zenyewe, wakazipiga kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kipimo hicho cha gitaa kinanisaidia pia katika ubishi mpya zaidi. X Japan walipoungana tena Tokyo Dome Machi 2008, sura ya hide iliwekwa jukwaani kwa mwanga. Niliweza kulipokea hilo, kwa kuwa kilichosikika kilikuwa upigaji wake mwenyewe. Desemba 2014 ukaja wimbo wa Co Gal, ambao aliuacha bila kuuimba, sauti yake ikaundwa kwa kompyuta kutokana na rekodi za zamani. Wanaoutetea wanasema wimbo ni wake, na walioutengeneza walimpenda. Siwabishii. Ila hakuuimba. Mkesha wa mwaka mpya wa 2019, NHK walimtumia Misora Hibari, mwimbaji aliyefariki mwaka 1989, kuimba wimbo mpya kwa njia kama hiyo, na mwanamuziki Tatsuro Yamashita akasema ni kufuru. Neno kali, lakini nalielewa: pumzi ya mwimbaji ni uamuzi wake, wapi avute na wapi aachie, na uamuzi huo haurithiwi pamoja na hakimiliki.

Mei 2028 itatimia miaka thelathini, na bila shaka vituo vitataka kumkumbuka tena. Wanaojua maktaba zao wanaweza kuanza sasa: onyesho la Kohaku la 1997 lirushwe zima, bila kidirisha pembeni, Pata, akiridhia, akae na gitaa aeleze nani alishika sauti ya juu na kwa nini, kisa cha kifo kipewe sentensi mbili, na namba ya simu ya msaada iwekwe wazi. Na Co Gal ikipigwa, watazamaji waambiwe kabla haijaanza kwamba sauti hiyo imeungwa na mashine.