Dawa ya Usingizi, Shilingi Mia Sita

Kitanda chetu kilikuwa kimepanda juu mpaka mke wangu, Mama Swaleh, akawa anakanyaga kigoda kwanza ndipo alale. Chini yake palijaa katoni za riwaya yangu. Nilichapisha nakala 500 kwa pesa za mfukoni, pesa ambazo Mama Swaleh alikuwa ameshazihesabia friji, na miezi minane baadaye nilikuwa nimeuza 37. Katika hizo 37, kumi na mbili alinunua shemeji yangu kwa huruma, na moja ilirudishwa.

Jina la kitabu silitaji. Mtasema natangaza tena, na kutangaza ndiko kulikoniponza.

Mimi ni karani wa ghala la chai huko Shimanzi, Mombasa. Mchana nahesabu magunia ya chai, usiku naandika. Kitabu kilipotoka, nakala ya kwanza ya bure nilimpelekea mwalimu wangu wa Kiswahili, bibi mstaafu wa Mji wa Kale, ambaye hadi leo wanaume wazima wa Kibokoni wakimwona huficha sigara nyuma ya mgongo. Nilitaraji atatokwa na machozi. Wiki tatu zikapita, kimya. Kisha Ijumaa moja, baada ya swala, simu ikaanza kulia mfululizo. Watu niliosoma nao, wengine sijaonana nao tangu darasa la nane, walikuwa wananitumia sauti moja ile ile.

Nikaifungua nikiwa nimesimama mlangoni mwa msikiti, viatu mkononi.

"Nimekisoma kitabu cha yule mwanafunzi wangu, yule aliyekuwa akikaa karibu na dirisha," akaanza Mwalimu, sauti ile ile ya kuita madaftari. "Shujaa wake yuwapanda feri ya Likoni ukurasa wa kumi na mbili. Ukurasa wa arubaini na nane, bado yuko majini! Jamani, feri hata ikizimika injini haikai majini namna hiyo. Lakini tuseme haki. Mimi usingizi umenihama, huu mwaka wa pili. Nimekunywa maziwa ya moto, nimepaka mafuta ya karafuu, nimesomewa. Haukuja. Usiku ule nikasoma kurasa tatu tu za kitabu hiki, kushtuka ni muadhini wa alfajiri, miwani usoni, taa yawaka. Hiki si kitabu, wanangu, hii ni dawa ya usingizi. Mungu amzidishie."

Hiyo "Mungu amzidishie" ndiyo iliyonichoma zaidi. Sikujua aomba nizidishiwe nini.

Mwenye busara angenyamaza. Mimi nilingoja mpaka saa sita usiku, Mama Swaleh amelala huko juu mlimani kwake, nikatoka ukumbini nikarekodi jibu la dakika tisa. Nilisema kwamba kula chumvi nyingi si kujua mapishi. Nilisema nani aliyemwomba maoni yake. Nilisema kuna watu wakishazeeka kazi inayowabaki ni kuharibia wenzao shughuli. Nikatuma, nikalala nimetulia kama mtu aliyetapika.

Asubuhi nikagundua nimeituma kwenye kundi la kamati ya harusi ya upande wa mke wangu.

Na si hivyo tu. Ujumbe wa mwisho kabla ya wangu ulikuwa wa mama mkwe, ambaye saa nne usiku alikuwa ameshauri kwa upole kwamba magunia matatu ya mchele hayatatosha biriani, tununue manne. Jibu langu likawa limekaa pale chini yake sawasawa, kama kifuniko na chungu. Nani amekuomba maoni yako. Watu ishirini na sita walikuwa wameshasikiliza. Kufuta nilifuta, lakini kufuta sauti iliyokwisha kusikika ni kufagia baada ya wageni kuondoka. Nilikwenda Majengo na kilo mbili za halwa na doti ya leso, nikakaa chini kwenye mkeka kama mwizi wa kuku. Mama mkwe alisikiliza hadithi nzima ya Mwalimu, akaniuliza swali moja: "Sasa hicho kitabu kweli chalaza?"

Ningesimama pale nikafikiri juu ya swali hilo, ningejiepusha na mengi.

Aliyelichukua swali ni binti wa kaka yangu, anayesoma biashara chuoni. Alikuja nyumbani jioni ile akanikuta nimejifunika shuka. "Ami, usimjibu tena," akasema. "Huyo bibi amekufanyia kazi ya bure." Akanieleza kwamba mwaka 2010 wataalamu watatu, Jonah Berger, Alan Sorensen na Scott Rasmussen, walichapisha utafiti juu ya tahakiki za vitabu zilizotoka kwenye gazeti la New York Times. Mwandishi mwenye jina akisemwa vibaya, mauzo hushuka kwa asilimia 15 hivi. Mwandishi asiyejulikana akisemwa vibaya, mauzo yalipanda kwa asilimia 45. Watu husahau tusi, wakabaki na jina la kitabu kichwani, na wakikiona dukani hudhani walikisikia mahali pazuri.

"Na wewe Ami, hakuna anayekujua."

"Nashukuru."

"Yaani hata mtu mmoja."

"Nimesikia, mwanangu."

Akaendelea na Mskoti mmoja, Iain Banks, ambaye riwaya yake ya kwanza, The Wasp Factory ya mwaka 1984, ilishambuliwa vibaya, na toleo la baadaye likachapishwa na yale mashambulizi yakiwa ndani ya kitabu, bega kwa bega na sifa. Msomaji akisoma mmoja anasema ni uchafu na mwingine anasema ni johari, hupata hamu ya kwenda kuamua mwenyewe. "Wewe chukua maneno ya Mwalimu, yaweke kwenye bango. Lakini yaweke yote, na useme ni nani kasema, ili watu waone ni mzaha."

Yaweke yote. Hapo ndipo palipoharibika, na kosa ni la ubahili wangu.

Nina rafiki mwenye duka la viungo karibu na soko la Marikiti. Alinipa nafasi ya meza barazani kwake, kati ya magunia ya hiliki na beseni la ubani. Nikaenda kwa kijana anayechapa mabango nikampa maneno kamili: "Kurasa tatu tu, nikashtuliwa na muadhini. Hiki si kitabu, ni dawa ya usingizi! Asema mwalimu mstaafu juu ya riwaya mpya ya Mombasa." Akaniambia kwa bei ninayotaka kulipa, bango ni la mita moja, maneno yote hayo hayataingia. Nikamwambia afanye atakavyoona. Akafanya. Maandishi mekundu, makubwa, unayasoma ukiwa ng'ambo ya Barabara ya Digo: DAWA YA USINGIZI! KURASA TATU TU! SH. 600. Chini kabisa, pembeni, ndipo alipoandika habari za mwalimu na riwaya, kwa herufi za kusomwa na sisimizi aliyevaa miwani.

Sasa mtu anapita Marikiti, mahali watu wanapokuja kutafuta habasoda, mdalasini, mkuyati na mizizi ya kila maradhi, anaona bango hilo juu ya meza iliyo katikati ya viungo. Atafikiri nini?

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye buibui na kikapu cha ukwaju. Alikichukua kitabu, akakinusa.

"Chatumiwaje?"

Nilidhani ananitania. "Kurasa tatu kabla ya kulala, mama."

"Pamoja na maziwa au maji matupu?"

"Vyovyote."

"Na mwenye presha?"

"Hakina neno."

Akalipa 600 bila kupunguza. Bila kupunguza! Marikiti! Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimeuza kumi na tisa, yaani zaidi ya nusu ya miezi minane, na ndipo nilipoanza kushuku, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuliza hadithi inahusu nini. Mzee mmoja aliuliza kama zile kurasa huchemshwa. Kijana wa tuktuk alitaka kurasa tatu tu, si kitabu kizima, kwa sababu yeye ni mwembamba. Rafiki yangu mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, tumbo linamtikisika kwa kicheko, na badala ya kuwarekebisha watu akawa anawaambia, "Ukichanganya na kungumanga ndiyo kabisa."

Siku ya tatu akaja bwana mmoja na faili. Sitasema katokea ofisi gani. Alilitazama bango, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya kikazi, "Hii dawa imesajiliwa?"

Ulimi wangu ukanitangulia. "Ndiyo, ina namba yake." Nikageuza jalada la nyuma nikamwonyesha ISBN. Akainakili yote, tarakimu kumi na tatu, akaniuliza inaisha lini nguvu. Hapo ikabidi niseme ukweli. Nikamsomea maneno madogo ya chini ya bango, nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha feri. Alisoma kwa kama dakika mbili, amesimama kwenye jua. Akapiga miayo. Akafunga faili akasema niliondoe bango kabla ya Jumatatu, na kama nina nakala iliyochafuka kidogo anaweza kuichukua kwa ajili ya mama yake.

Niliahidi kuliondoa Jumamosi jioni. Lakini Jumamosi asubuhi akaja Nahodha.

Jina lake silijui, pale Bandari ya Kale kila mtu humwita hivyo hivyo. Mzee wa kikoi na bakora, mgongo umepinda lakini macho ni ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Alikibwaga kitabu mezani, hiliki zikaruka.

"Nataka pesa zangu."

"Kulikoni, Mzee?"

"Hakikunilaza. Siku tatu sikulala."

Wallahi, moyo ulinipaa. Siku tatu! Nikasahau watu, nikasahau bango, nikamshika mkono. "Hukuweza kukiweka chini, Mzee wangu?"

"Nilikiweka chini mara kumi! Kila nikikiweka, hasira yaniamsha." Akakifungua. Ukurasa wa 61 ulikuwa umejaa wino wa bluu pembeni, juu, chini na katikati ya mistari. "Hapa wasema nini? Soma."

Nikasoma kwa sauti, watu wameshaanza kusimama: "Ilikuwa mwezi wa saba, na jahazi kutoka Maskati likaingia bandarini likisukumwa na upepo wa kusi."

"Kusi watokea wapi?"

"Kusini, Mzee."

"Na Maskati iko wapi?"

Nilinyamaza.

"Kaskazini! Basi jahazi lako lilikuja kinyumenyume? Majahazi ya Arabuni huja na kaskazi, Desemba, Januari, hata Machi. Kusi ndiyo ya kurudia kwao. Na mwezi wa saba kusi yenyewe ni kali, hakuna nahodha mwenye akili atokaye. Mtoto wa Mombasa wewe! Usiku mzima nalala nikiliona hilo jahazi latembea na tezi mbele, omo nyuma, naamka nimelowa jasho."

Kicheko cha Marikiti si kicheko cha mtu mmoja. Wauza ndizi waliacha ndizi. Mtu nyuma akapaza sauti: "Nipe na mimi nimwone huyo wa kinyumenyume!" Nikauza sita nikiwa nimeinamisha kichwa, kila mnunuzi anafungua ukurasa wa 61 kwanza.

Na katikati ya vurugu hilo, nani anashuka kwenye tuktuk? Mwalimu. Mwavuli, pochi, miwani ile ile. Alikuwa ameambiwa kwamba maneno yake yanauzwa Marikiti.

"Mwanangu, neno ni la nani hili?" akauliza, mwavuli umelielekea bango.

"Lako, Mwalimu."

"Na mia sita za nani?"

Kabla sijajibu, Nahodha akaingilia kwamba neno lenyewe ni la uongo, kitabu hakilazi mtu. Mwalimu akageuka taratibu. Akamwambia kwamba yeye amelala nacho usiku tisa mfululizo. Nahodha akasema basi huyo mwenzake hajafika ukurasa wa 61. Mwalimu akakiri hajafika, yeye hulala feri ikingali majini. Wakaendelea hivyo, huyu "chalaza", yule "hakilazi", mimi katikati nikigeuza shingo kama mtazamaji wa tenisi, mpaka Mwalimu akachukua nakala yenye wino wa bluu, akasoma maelezo ya Nahodha pembeni ya ukurasa, akatikisa kichwa polepole.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Na sentensi zako fupi. Wewe ndiwe ungeandika kitabu."

Nahodha alitengeneza kofia yake.

Nilimrudishia mia sita zake. Nikanyosha mkono kuchukua kitabu, akakivuta: ana kurasa nyingine za kurekebisha, na isitoshe wino ni wake. Mwalimu naye akachukua mia tatu, nusu ya nakala moja, akasema ni kwa ajili ya neno lake na hesabu iliyobaki tutafanya siku nyingine. Kisha wakaamua waende Mji wa Kale wakanywe kahawa na kashata, wakasome ule ukurasa kwa utulivu. Wakapanda tuktuk wote wawili, bakora na mwavuli vimetokeza nje.

Dereva akanitazama mimi. Nikamlipa.