Kampuni za bima zikishindana bila refa

Novemba hapa Uholanzi ni msimu wa bima ya afya. Kampuni zote zinatakiwa ziwe zimetangaza ada za mwakani ifikapo tarehe 12, na kuanzia hapo ni matangazo tu: kwenye mabasi, redioni, katikati ya mpira. Una hadi 31 Desemba kuvunja mkataba wa zamani. Mimi kila mwaka hukaa mezani na kikombe changu cha chai, nafungua tovuti ya kulinganisha bei, nakuta nikihama nitaokoa euro 6 kwa mwezi, naifunga, naenda zangu kulala. Mwaka wa tano huu.

Msimu uliopita nilikuwa hapo hapo mezani shangazi alipopiga simu kutoka Tanga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hivi huko bima mnakata kwa nani, kwa serikali au kwa watu binafsi?"

Nikamwambia kwa watu binafsi, ila serikali imewafunga kamba. Akacheka. Jibu refu ndilo hili, maana tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipite nyumbani mwaka 2023, haikosekani mtu wa kuniuliza kwa nini tusiziachie kampuni zishindane bei ishuke.

Mfumo huu unaitwa ushindani unaosimamiwa. Aliyeusuka ni Alain Enthoven, mchumi wa Stanford, ambaye kabla ya kugeukia hospitali alikuwa Pentagon akipigia hesabu silaha. Mwaka 1977 aliupeleka kwa serikali ya Rais Carter, hawakuuchukua. Clinton akaleta wa jamii hiyo hiyo mwaka 1993, ukafia kwenye Bunge la Marekani mwaka uliofuata. Waholanzi hawakuwa na haraka. Tume ya Wisse Dekker, bosi wa zamani wa Philips, ilipendekeza njia hiyo mwaka 1987. Sheria ikaanza kazi 1 Januari 2006.

Kamba zenyewe ni hizi. Kila mkazi lazima awe na bima. Kitita cha msingi, yaani orodha ya matibabu ambayo kila bima lazima ilipie, kinapangwa na serikali, si kampuni. Kampuni haiwezi kukukataa kwenye kitita hicho, wala kumtoza mzee wa miaka 80 zaidi ya kijana wa 25 kwa mkataba uleule. Mtoto hadi atimize miaka 18 halipiwi ada, na mwenye kipato kidogo serikali inamsaidia.

Lakini kamba inayobeba mzigo wote ni moja ambayo hata Waholanzi wengi hawaijui, kwa sababu haina tangazo. Kuna mfuko mkuu. Makato yanayotokana na mishahara yanaingia humo, na kutoka humo kila kampuni inagawiwa fedha kulingana na aina ya wanachama ilionao. Wanaangalia umri, wanaangalia jinsia, wanaangalia hata dawa ulizochukua mwaka uliopita. Ukiwa na kisukari unachoma insulini mwaka mzima, kampuni yako inapewa fungu kubwa kuliko inayopewa kwa mkimbiaji wa mbio ndefu wa jirani yako. Kwa hiyo mgonjwa si hasara tena. Mfuko huo ukiondolewa, kampuni yenye akili itatafuta namna ya kumfanya mgonjwa wa kisukari ajione hatakiwi: itaweka ofisi ghorofa ya nne, itatangaza kwenye jimu, simu za wazee zitaita bila kupokelewa. Haitavunja sheria hata moja.

Shangazi anaikumbuka Toto Afya Kadi. Sh 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Ilipofika 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ukasitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaambiwa wapitie shuleni, kwa maelezo kwamba wengi waliokata kadi walikuwa tayari wana watoto wagonjwa. Watu walikasirika, na mimi nilikasirika. Lakini siwalaumu wazazi. Ukiweka bima ya hiari, mwenye mtoto mzima anasubiri na mwenye mtoto mgonjwa anakimbilia dirishani leo hii. Na hapo ilikuwa skimu ya umma, isiyotafuta faida. Fikiria kampuni tano zikiwania watoto wazima tu.

Sasa, je, ushindani wenyewe unafanya kazi hapa? Mimi nina mashaka. Makundi manne ya bima yameshika zaidi ya asilimia 80 ya soko. Wanaohama kila mwaka ni wachache, na mmojawapo wa wasiohama ndiye anayeandika haya. Kampuni zilitarajiwa zichague hospitali nzuri kwa niaba yetu na kubana bei, lakini serikali ilipotaka kuzipa nguvu zaidi ya kukataa kulipia daktari asiye na mkataba nazo, Seneti iliukataa muswada Desemba 2014. Mgonjwa anamwamini daktari wake, hamwamini karani wa bima. Na kabla bima haijaanza kulipa mengi, mtu mzima anatoa kwanza euro 385 zake kwa mwaka. Kumuona daktari wa familia hakumo kwenye hesabu hiyo, nashukuru.

Halafu kuna suala la idadi ya watu. Mwaka 1993 Richard Kronick na wenzake walipiga hesabu kwamba eneo linahitaji watu kama milioni 1.2 ndipo mipango mitatu ya bima iweze kushindana, kila mmoja ukijitegemea kwa madaktari na hospitali. Mtu wa kijijini Kilindi ukimpa bima tatu achague, zote zitampeleka kwenye zahanati ileile, kwa mganga yuleyule, kusubiri dawa zilezile. Ndiyo maana mimi kwa nyumbani ningeanza na mfuko na ulazima, pamoja na ruzuku kwa asiye nacho, na hizo kampuni zisubiri hata miaka 20 kama Waholanzi walivyosubiri.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akauliza lake.

"Na meno wanalipa?"

Hapo nikakwama. Meno ya mtu mzima kwa kawaida hayamo kwenye kitita cha msingi. Yako kwenye bima ya nyongeza, na kule kamba hazifiki. Kampuni moja ilinitumia fomu ikiniuliza nina majino mangapi ya bandia kabla haijaamua kama inanitaka. Nikamwambia hapana shangazi, meno najilipia.