Anaulizwa Mke, Anajibu Mume

Tumchukue mwanamke wa kufikirika katika mji wowote wa England, aliyepatwa na kiharusi kikamlegeza upande mmoja wa mwili. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri amekuja kutathmini mahitaji yake. Mume anamkaribisha mgeni, anaandaa chai, anaketi ubavuni pa mkewe, kisha maswali yote anayajibu yeye: mgonjwa huamka saa ngapi, hula nini, nani humwogesha. Simu ya mke imo mfukoni mwa mume, eti asisumbuliwe. Chaja ya kiti chake cha magurudumu iko juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake haufiki. Ofisa anaondoka ameandika kwamba mgonjwa amepata mlezi anayejitoa kweli kweli.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyepigwa. Hata hivyo, England na Wales zimeufanya udhibiti wa namna hii, wa mtu kumtawala mwenza wake katika kila jambo, kuwa kosa la jinai tangu tarehe 29 Desemba 2015, kwa kifungu cha 76 cha Sheria ya Makosa Makubwa, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Tatizo ni kwamba kifungu hichohicho kinampa mtuhumiwa utetezi iwapo aliamini kuwa anatenda kwa maslahi ya mwenzake na mwenendo wake ulikuwa wa busara katika mazingira yaliyokuwepo. Utetezi huo haufai pale mwathirika alipotiwa hofu ya kupigwa, lakini kwa mume anayejiita mlezi, na ambaye hajawahi kuinua mkono, ni kivuli kizuri cha kujificha.

Hapo ndipo wanaosema udhibiti huu ushughulikiwe na huduma za ustawi wa jamii kwa watu wazima, si polisi pekee, wanapopata hoja yao yenye nguvu. Gari la polisi likisimama mlangoni, mume anajua kilicholileta. Ofisa wa halmashauri anaingia kwa sababu za kawaida kabisa, za kuogeshwa na kulishwa. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri ichunguze pale mtu mzima mwenye mahitaji ya matunzo anaponyanyaswa, au anapokuwa hatarini kunyanyaswa, na mahitaji hayo yakamzuia kujilinda. Zaidi ya hapo, mtu aliye katika hatari hiyo hata akikataa tathmini, wajibu wa kuifanya haufutiki. Halmashauri inaweza kumpa fedha aajiri msaidizi wake mwenyewe, au kumpangia siku za kutoka nyumbani, na msaada wa aina hiyo unalegeza mkono wa mume bila mtu yeyote kutamka neno ukatili.

Wakosoaji nao hawajakosa la kusema. Sharti la mahitaji ya matunzo linamwacha nje mwanamke mwenye afya, hata kama mume anahesabu dakika zake za kwenda dukani. Huyo hupelekwa kwa mashirika ya kupinga ukatili wa majumbani. Lakini nyumba nyingi za hifadhi hazikujengwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha magurudumu, kwa hiyo mwenye ulemavu akifika huko hurudishwa kwa halmashauri. Kibaya zaidi, mlezi wa bure ni nafuu kwa bajeti, na sioni sababu ya kujifanya kwamba nafuu hiyo haiathiri macho ya anayetathmini.

Ubishi mkubwa, hata hivyo, uko kwenye hiari. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inasema mtu asihesabiwe kuwa hana uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Watu wenye ulemavu waliupigania msimamo huo, na ni haki yao. Lakini maneno “amechagua kubaki” huandikwa kwenye faili hata pale ambapo aliyechagua ni mwingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani, katika shauri la wazazi wazee waliodaiwa kutawaliwa na mtoto wao wa kiume, ilithibitisha kwamba Mahakama Kuu inaweza kumlinda mtu mwenye akili timamu ambaye utashi wake umezimwa na shinikizo. Scotland, kwa sheria yake ya mwaka 2007, inamruhusu hakimu kupuuza kukataa kwa mtu aliyeshinikizwa akatae.

Mimi nasita kufika huko. Mwanamke ambaye miaka kumi ameamuliwa kila kitu na mume, akihamishwa kwa amri asiyoitaka, atakuwa amebadilishiwa mwamuzi tu. Njia ya Wales naiona bora: huko ofisa anaweza kuomba amri ya kuingia ndani na kuzungumza na mtu faraghani, ili ajue kama anaamua kwa hiari yake, bila mamlaka ya kumwondoa. England haikuiweka amri hiyo katika sheria yake, na nadhani ilikosea. Pingamizi zito ni kwamba ofisa ataondoka baada ya saa moja na mume atabaki. Ni kweli, na amri hiyo haina maana kama aliloliomba mwanamke ndani ya saa hiyo halifanyiwi kazi kabla ya jioni.

Kwa wanawake wanaozungumza Kiswahili waliofika Uingereza kwa viza ya mwenza, mambo yanazidi kubana. Mume ndiye mkalimani, na ndiye anayemwambia mkewe kwamba akifungua mdomo atarudishwa kwao. Wengi wanaamini kuwa mtu ambaye viza yake haimruhusu kupokea fedha za umma, yaani misaada ya serikali, hana haki ya chochote, ilhali zuio hilo peke yake halimnyimi matunzo mtu ambaye mahitaji yake yametokana na maradhi au ulemavu, si ufukara pekee. Mkalimani wa simu aliye mji wa mbali anafaa kuliko wa mtaani, maana jamii yetu huko ni ndogo na wa mtaani huenda akawa rafiki wa shemeji.

Na fomu ya tathmini, bila kusubiri sheria yoyote mpya, inaweza kuongezwa mistari miwili: nani alikuwepo chumbani, na nani aliyejibu.