Tuzo ya Mikono Safi

Mimi ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyepewa tuzo ya kunawa mikono akiwa hajanawa. Chuo sikitaji. Cheti chao ndicho kinachonilisha mpaka leo.

Ilikuwa tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Chuoni kwetu ratiba ya siku hiyo ilikuwa haibadiliki: alasiri mhadhara wa afya ya jamii, jioni hafla ya tuzo na pilau. Mhadhara haukuwa na watoro, kwa sababu ukumbi ulikuwa mmoja na ukiinuka tu kiti kimepata mwenyewe. Nyuma ya dirisha masufuria yalikuwa jikoni tayari. Harufu ya bizari iliingia ukumbini kabla ya mhadhiri.

Mhadhiri alikuwa mzee mstaafu, bingwa wa kinga na udhibiti wa maambukizi, anayeongea taratibu kama anawasimulia wajukuu. Akatupeleka Vienna mwaka 1847, kwa daktari Ignaz Semmelweis, aliyewataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuingia wodi ya wazazi. Vifo vya kina mama vikashuka. Madaktari wengi wakamnunia.

"Mkeo ukimwambia chumvi imezidi atakusamehe," mzee akasema. "Mwambie msomi mikono yake michafu, uone."

Mimi nilicheka kuliko wote. Jioni ile nilikuwa napokea tuzo ya usafi wa mikono. Kwenye mtihani wa vitendo nilipitia hatua zote, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, ncha za vidole, ndani ya zile sekunde 40 hadi 60 zinazotakiwa, na msimamizi akaandika pembeni "safi sana".

Mzee akauliza bingwa huyo yuko wapi. Wenzangu wakanisukuma mbele. Akanipaka losheni isiyo na rangi, akaniambia, "Hawa ndio vijidudu wetu. Kwa macho huwaoni. Kanawe, urudi nikumulike." Mkononi alishika tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, kama ile ya kukagulia noti bandia.

Sasa koki ya maji ilikuwa nyuma, karibu na jiko. Na jikoni alikuwepo matroni.

"Wewe! Kijana mzima unatembea mikono mitupu na kazi zote hizi?"

"Shikamoo mama. Naenda kunawa, kuna..."

"Marahaba. Utanawa ukila. Shika hapa."

Kwa matroni hakuna rufaa. Nikabeba kreti za soda. Nikapanga viti vya meza kuu. Nikasaidiana na mwenzangu kuingiza ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa mwenye karoti mdomoni, mimi nikiwa upande wa mapaja. Mara tukasikia gari. Mgeni rasmi amefika kabla ya muda, jambo ambalo katika maisha yangu sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Mhadhara ukakatwa, mzee akaambiwa atamalizia siku nyingine, na mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na sare yangu imepigwa pasi, nikakabidhiwa shada la maua nimvishe mgeni. Nilipita kwenye koki nikajimwagia maji kidogo tu, nikakung'uta. Losheni ile haikuonekana wala kunata, kwa hiyo ilinitoka akilini kabisa.

Shada lilikataa kupita kichwani. Mgeni rasmi ana kichwa cha heshima. Ilibidi nimshike utosi kwa mkono mmoja, shingo kwa mwingine, nikivuta huku nikitabasamu kwa ajili ya kamera. Halafu nikapeana mikono na meza kuu yote: mkuu wa chuo, wakufunzi, mkutubi peke yake akakataa kwa sababu ameshika simu, na mhasibu, aliyenipa mkono wa nguvu kama ndiye aliyenilipia ada. Mkutubi na mhasibu walikuwa hawasemeshani tangu mwaka uliopita kwa ajili ya fedha za vitabu. Ofisi zao zilitazamana, lakini waliandikiana barua. Matroni naye akanishika mkono, akafuta jasho usoni.

Jina langu likaitwa. Mama yangu, aliyesafiri usiku kucha na basi, akapiga kigelegele mpaka ndafu karibu ainuke. Nikapewa cheti na ndoo ya kunawia yenye koki. Mshereheshaji akasema, "Mikono hii, mabibi na mabwana, ni mikono ya kuaminiwa! Dijei, tupe mambo!"

Dijei akazima taa za kawaida, akawasha zile za zambarau.

Mwanzoni watu walishangilia. Sare nyeupe zote ziliwaka bluu kama mbalamwezi, maana sabuni za unga zina dawa ya kung'arisha inayowaka kwenye mwanga ule. Halafu watu wakaanza kunyamaza, meza baada ya meza.

Mikono yangu ilikuwa kijani kama tumbo la kimulimuli. Pua yangu kijani, kwa kuwa nina tabia ya kuikuna. Ndoo, kijani. Ndafu alikuwa na viganja viwili kwenye mapaja, vidole vyote vimehesabika. Matroni ana mstari kuanzia paji la uso hadi kidevu. Na mgeni rasmi, Mungu anisamehe, alikuwa na mkono utosini na mwingine shingoni, kama mtu aliyenusurika kunyongwa.

"Huyu mtoto ni wa nani?" nikamsikia mama yangu akiwauliza jirani zake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee wetu wa mhadhara alikuwa ameshainuka, macho yanang'aa kwa furaha, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Msizime taa! Kila mtu abaki alipo! Huyu ndiye mgonjwa wa kwanza," akaninyooshea kidole. "Sasa tunafuatilia waliotangamana naye. Mgeni rasmi kaguswa moja kwa moja. Matroni pia. Huyu sista hajamgusa, ila kashika soda aliyobeba yeye. Mnaona mnyororo unavyotembea? Kipindupindu hutembea hivihivi!"

Mgeni rasmi akaanza kucheka, tukapona. Mzee akaendelea meza kwa meza, watu wanajigeuza wenyewe wakaguliwe, mpaka akafika kwa mkutubi, aliyekuwa ameinama kuokota pochi yake.

Kiunoni kwake kulikuwa na kiganja. Kikubwa, kimetulia, kidole cha tatu kina alama ya pete.

"Kijana, huyu ulimgusa?"

"Hapana, mwalimu. Alikataa hata mkono. Na mimi sina pete."

Ukumbi mzima ukageuza shingo kuelekea meza kuu. Mzee akatazama kiganja, akatazama meza kuu, akakohoa.

"Dijei," akasema kwa sauti ya chini, "washa taa za kawaida. Utafiti umeishiwa fedha."

Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kunawa. Nilimtazama kupitia dirishani, nikamhesabia. Sekunde 60 zilipita akiwa bado kwenye gumba.