Ubelgiji barua ya kura inakuja nyumbani, Kongo kila mara tunaandikwa upya

Mimi naishi Brussels, kwetu ni Bukavu, na kuna jambo linaniumiza kila watu wakianza kubishana juu ya uchaguzi wa Kongo wa 2006. Wengine wanasema MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na mabalozi walituokoa, wengine wanasema wazungu walikuwa wameshachagua mtu wao zamani na sisi tulienda kusindikiza tu. Naona wote wanapita pembeni. Tulijengewa uchaguzi wa muda, wa kututoa kwenye vita, na ule wa muda ndio tunao mpaka leo.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: baada ya makubaliano ya amani ya Sun City serikali ya mpito ilianza 2003, rais mmoja na makamu wanne, ile ya 1+4, watu waliokuwa wanapigana jana leo wanakaa meza moja. Tume ya uchaguzi, CEI, ikaenda kwa mashirika ya kiraia, akaiongoza padri Malumalu, mtu wa kule Butembo. Pembeni yake kukawa na kamati ya mabalozi, CIAT, humo Marekani, Ufaransa, Uingereza, China, Urusi, Ubelgiji, Afrika Kusini, Angola na wengine, na hao hawakuwa wageni wa kuangalia tu, walikuwa wanasukuma, wanakemea, wanapatanisha. Barabara hakuna, basi MONUC ikabeba vifaa kwa ndege na helikopta, Ulaya ikaleta askari Kinshasa, karatasi za kura zikachapwa Afrika Kusini, hela iliyotumika ikapita dola milioni 400. Tarehe 30 Julai 2006 tukapiga kura, wagombea urais 33, na wa ubunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500, mpaka Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa unaifunua kama gazeti.

Na ilifanyika kweli, mtu asinidharaulie siku ile. Kuna wazee walikuwa hawajawahi kuona kura yenye maana tangu uhuru, walitoka usiku kwenda kupanga mstari na karte zao za kura mkononi. Mimi naheshimu sana ile kazi, hasa ya vijana wa CEI waliotembea msituni kwa miguu na masanduku.

Sasa tuongee juu ya ile karte yenyewe.

Mwaka 2005 wakati wa kuandikisha watu hakukuwa na orodha yoyote ya raia. Hesabu ya mwisho ya watu ilifanyika 1984! Kwa hiyo wakaja na kompyuta na kamera, unapigwa picha, unatoa alama za vidole, unapewa karte ya elekta, yaani kadi ya mpiga kura, palepale, na asiye na kipande chochote cha karatasi alileta mashahidi wa kusema huyu ni mwenzetu. Kwetu Kivu hiyo haikuwa kazi ndogo, nani ni Mkongomani na nani siye ni swali lililomwaga damu, sheria ya uraia yenyewe ilikuwa imepita Novemba 2004 tu, na likaenda kujibiwa mbele ya kijana mmoja mwenye kompyuta chini ya hema. Watu milioni 25 na zaidi wakaandikwa. Tshisekedi mzee, kiongozi wa chama cha upinzani UDPS, aliwaambia watu wake wasijiandikishe, baadaye chama kikataka daftari lifunguliwe tena, likawa limeshafungwa, na wengi wao wakabaki nje.

Kwa dharura ilikuwa sawa kabisa. Nchi inatoka vitani, huwezi kungoja miaka kumi upange madaftari ya kuzaliwa na kufa. Lakini wageni walipofunga mizigo hakuna aliyeuliza lile daftari nani atalilisha kesho, mtoto akifika miaka 18 nani ataliandika jina lake, mzee akifa nani atalitoa. Basi linaoza, tunaanza tena. Tulifanya hivyo kwa uchaguzi wa 2011, tukafanya kwa ule wa 2018, tukafanya 2023, kila mara kompyuta mpya, tenda mpya, foleni mpya, na pesa inayopotea humo ni ya kujenga shule. Kuelekea 2018 ilibidi kufuta mamilioni ya majina yaliyoandikwa mara mbili na ya watoto, na si ajabu, kwa sababu kwetu viti vya ubunge vinagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa, kwa hiyo kila mkubwa anataka kwao waandikwe wengi hata wasiokuwepo.

Halafu huku. Ukihamia nyumba Ubelgiji unaenda komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, kusema umehama, na siku chache baadaye polisi wa mtaa anakuja kugonga mlango kuangalia kama kweli unalala hapo na kama jina lako liko kwenye kengele. Nilipofika niliogopa, kwetu polisi akigonga ni shida. Kumbe ndio daftari lenyewe linafanya kazi. Kutokana na hilo linatoka kila kitu, shule ya mtoto, kodi, bima, na wakati wa kura raia anatumiwa barua nyumbani inayomwambia siku na biro ya kupigia, hakuna aliyepanga mstari kujiandikisha. Serikali yao iliwahi kukosekana siku 541 kwenye 2010 na 2011, wanasiasa wamegombana wameshindwa kuunda, na madaftari ya komini hayakusimama hata siku moja.

Tarehe 8 Oktoba 2006, katikati ya duru zetu mbili za urais, Ubelgiji ilifanya uchaguzi wa komini, na ndio ulikuwa wa kwanza ambapo sisi wageni tusio wa Umoja wa Ulaya tuliruhusiwa kupiga kura, ukiwa umekaa miaka mitano na umesaini kwamba utaheshimu katiba yao. Mgeni alikuwa na kura ya komini Brussels, na mwenye nchi Kadutu, komini ya Bukavu, hakuwa nayo! Katiba yetu ya 2006 iliahidi chaguzi za mitaa lakini tulingoja mpaka Desemba 2023, na hata hapo ni kwa baadhi ya komini tu.

Mtu ataniambia Ubelgiji wana madaftari haya tangu 1846, tusijilinganishe. Sawa, lakini Mbelgiji huyohuyo alipokuwa Kongo alijua kila mwanaume ni wa kijiji gani na anadaiwa kodi kiasi gani, ina maana kuandika watu bila kompyuta kuliwezekana kwenye nchi ileile, kwa kalamu, ila aliandika kwa faida yake. Na balozi wa Ubelgiji alikuwa ndani ya CIAT, alijua vizuri kwao kura inasimama juu ya nini. Mabalozi walishughulika na wakubwa, na haikuwa mchezo, tarehe 21 Agosti 2006 walikuwa ndani kwa Bemba, makamu wa rais aliyekuwa anagombea urais, risasi zikipigwa pale. Walipoondoka wao, Januari 2011 katiba ikaguswa, duru ya pili ya urais ikafutwa, hakuna wa kukemea.

Ile karte imebaki ndio kitambulisho chetu, ya kufungulia akaunti, ya kununua laini ya simu, ya kuonyesha kwenye barrage, vile vizuizi vya barabarani. Zile za 2023 maandishi yalianza kufutika baada ya muda mfupi, mtu anabaki na kipande cha plastiki kisicho na uso. Kitambulisho cha taifa kilizinduliwa Juni 2023, rais akapewa cha kwanza, mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa. Fikiria sasa aliyekimbia Masisi, Kivu Kaskazini, ambako 2023 hawakuandikisha kabisa kwa ajili ya vita.

Nawaomba wanaopanga uchaguzi wa 2028, na wafadhili wao, pesa ya kwanza isiende kwenye mashine. Iende kwa shefu wa avenii, yaani kiongozi wa mtaa, na biro ya komini, mshahara, daftari, umeme, nesi wa maternite apeleke majina kila wiki. Ningesema anzeni Ibanda, Kadutu na Bagira, lakini Bukavu iko chini ya waasi wa M23 tangu Februari 2025, basi anzeni Kisangani, anzeni Kananga, anzeni popote penye utulivu, na msingoje mwaka wa kura ufike.