Sauti ya Shemeji Ndani ya Helmeti

Niliponunua pikipiki nilikuwa na sababu moja tu, nayo ni kwamba mtu aliyevaa helmeti haulizwi ada ya shule, bei ya nyanya, wala siku atakayorudisha ngazi ya jirani. Ukimya huo niliufaidi kwa miaka minne, mpaka shemeji yangu, ambaye naye ana pikipiki, aliponiletea kifaa cha mawasiliano chenye spika mbili za kubandika masikioni na maikrofoni iliyovishwa sifongo, akanieleza kwa furaha kwamba sasa tutakuwa tukizungumza njia nzima. Sikumwuliza tutazungumza nini, na hilo ndilo kosa langu.

Boksi liliahidi kwamba mawimbi yake hufika kilomita 1.6. Kwa herufi ndogo zaidi liliongeza kwamba katikati pasiwepo kizuizi, ilhali safari yetu ilikuwa ya barabara ya Morogoro, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hayaishi. Kwa hiyo tangu Kimara hadi Kibaha nilisikia kisa cha kiwanja cha shemeji vipande vipande: dalali, lori, hati mbili, lori, mahakamani. Hadi leo sijui katikati kulitokea nini, na kumwuliza ni kukianzisha upya.

Ajabu ni kwamba usichotaka kukisikia hakikatiki kamwe. Shemeji alikuwa na mafua, na chafya iliyopigwa ndani ya helmeti iliyofungwa, maikrofoni ikiwa imegusa mdomo, huingia katika masikio yote mawili kwa pamoja, nawe huna pa kukwepea kwa sababu mikono yote imeshika usukani.

Karibu na Mlandizi, shemeji akiwa mbele, alipaza sauti kwa neno moja. Upepo ulikuwa ukivuma katika sifongo lake, nami nikasikia, “Simu!” Nikamjibu kwa utulivu kwamba simu yangu iko mfukoni, na sikuwa nimelimaliza neno “mfukoni” nilipotumbukia katika shimo kwa magurudumu yote mawili. Zamani alikuwa akinyoosha mguu tu upande wenye shimo, nami nikaelewa bila mkalimani.

Hayo yote ningeyasamehe. Lakini kifaa hiki kina ukarimu mwingine: simu ikiingia, huna haja ya kubonyeza chochote, kwani ukitamka neno lolote kwa sauti kubwa, chenyewe huipokea. Neno lolote! Tulipokaribia Chalinze, basi moja lilinisukuma hadi nje ya lami, na papo hapo mlio wa simu ukaanza masikioni mwangu. Nilimweleza dereva yule, kwa pumzi zote nilizobakiwa nazo, kwamba ni mzee mzima asiye na macho wala haya, na kwamba kwao hakufunzwa adabu.

Ukafuata ukimya, ule ule niliokuwa nikiutamani tangu Kimara. Kisha sauti ya baba mkwe, tulivu kabisa, ikauliza, “Mimi?”

Nikasema, “Shikamoo, Baba.”

Yule mwanamke anayekaa ndani ya kifaa akatangaza kwa Kiingereza chake safi kwamba betri inakaribia kwisha, nayo ikaisha kabla sijaitikiwa.